Haki ya Mtani

Mdogo wangu alivunjwa taya, mguu na mbavu tatu kwa sababu ya spana namba kumi na saba. Namba naijua kwa sababu spana ile ilikutwa mfukoni mwake alipofikishwa hospitali, wakanikabidhi pamoja na shati lake lililoganda damu. Shati nililichoma moto. Spana nilitembea nayo kwenye mkoba miezi minane.

Sisi ni watu wa Marui, Kisarawe ya ndani, watoto wa mkulima wa mihogo na korosho. Mimi, dada mtu, nilipelekwa shule nikaishia kuwa mwalimu wa Kiingereza kwenye sekondari moja ya Kisarawe. Mdogo wangu alibaki na shamba na pikipiki, na mara mbili kwa wiki alipakia magunia ya mihogo akaenda kuwauzia akina mama wakaangaji wa Picha ya Ndege, upande wa Kibaha. Huko ndiko alikokuwa na fundi wake wa pikipiki. Fundi huyo ni Mnyamwezi, sisi ni Wazaramo, kwa hiyo walikuwa watani tangu siku ya kwanza waliyoulizana makabila.

Mtu aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa, lakini siku hizi wapo wengi wasiojua. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha waombolezaji, na kaburi likishachimbwa huruka akalala ndani yake na kusema maiti haiingii mpaka apewe haki yake. Ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe.

Asubuhi ile, yapata saa nne, fundi alikuwa amemaliza kubadilisha cheni. Mdogo wangu akapanda pikipiki yake, akainama, akaiokota spana ya fundi pale chini na kuitia mfukoni.

“Huu urithi wangu, Mnyamwezi wewe,” alisema. “Babu zako walikula mihogo yetu njia nzima wakija pwani, hawajalipa mpaka leo.”

Akawasha na kuondoka. Fundi akaruka kutoka kwenye kigoda chake, anacheka, akapaza sauti: “Mwizi! Mwizi huyo! Mzaramo kaniibia!”

Walikuwa wakifanya hivyo kila wiki. Wiki moja ni spana, wiki nyingine ni kofia, na siku ya pili kitu kinarudi na matusi yake. Lakini wiki hiyo pikipiki mbili zilikuwa zimeibwa pale, na Picha ya Ndege ni mahali ambapo kila mtu amehamia juzi. Huyu kanunua kiwanja, yule kapanga chumba, na jirani wa kushoto hajui wa kulia katokea wapi. Walichokiona ni mtu anaondoka na pikipiki na fundi anapiga ukelele wa mwizi.

Wa kwanza alimtupia tofali, likampata shavuni, akaanguka na pikipiki juu yake. Bomba la moshi likamuunguza shavu la mguu mpaka ngozi ikabaki kwenye bomba. Akajaribu kusema. Mtu akampiga nondo mdomoni, na tangu hapo hakuweza kusema tena. Wakamvuta kwa shati, wakampiga mguu ule ule mpaka ukapinda mahali pasipo na goti. Kijana mmoja akafungua tangi la pikipiki ya mdogo wangu ili achote petroli ya kumchomea mwenyewe.

Aliyemwokoa ni mama muuza mihogo ya kukaanga, mteja wake. Alikuja na karai la mafuta yanayochemka, amelishika kwa kanga mbili, akasimama juu ya mdogo wangu na kusema atakayesogea atamwagiwa usoni. Wakaona hatanii. Wakatawanyika, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na kinyozi akaendelea na kichwa alichokiacha nusu.

Mama huyo ndiye aliyenisimulia yote, na ndiye aliyenipa jambo lililonichoma kuliko nondo. Fundi alikuwepo. Alisimama mikono kichwani, mdomo wazi, akaangalia. Halafu akaokota boksi lake la vifaa akaondoka, na kibanda chake hakikufunguliwa tena.

Nilikwenda polisi. Wakaandika maelezo vizuri tu, wakaniuliza nani alimpiga. Nikasema wote. Wakaniuliza nani hasa. Nikasema wote hasa. Askari akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilinitia hasira zaidi kuliko kama angenifokea.

Mimi ni mtu wa hasira tangu utoto, sikatai. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hasira zangu zilikuwa za kuwaka na kuzimika, hasira za jikoni. Hii ilikuwa mpya. Ilikaa.

Mdogo wangu aliuguzwa kwangu, amefungwa taya kwa nyaya, anakunywa uji kwa mrija. Mchana nikitoka shule nilimsomea kitabu. Kilikuwa riwaya nene ya Kifaransa, ya zamani, iliyofasiriwa kwa Kiingereza. Niliikuta kwenye rundo la vitabu vya msaada shuleni, haina jalada, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuigusa. Nilikuwa nasoma aya, naitafsiri kwa Kiswahili, naendelea. Ni habari ya mtu aliyefungwa bila kosa kwa fitina za watu waliomjua vizuri, akaozea gerezani miaka, akatoka akiwa mtu mwingine, akawarudia mmoja mmoja.

Nilikipenda kitabu kile mpaka nikawa nakiwaza darasani. Nilipenda kwamba yule bwana hakuwa na haraka. Hakumvizia mtu kichochoroni na panga. Alimchunguza adui yake, akajua dhambi yake ni ipi, kisha akaipanga dunia kidogo tu ili dhambi ile ile imrudie mwenyewe. Nikasema hii ndiyo haki. Ya polisi nilikwisha kuiona.

Mdogo wangu alisikiliza kwa namna yake. Nyaya zilipotolewa, swali lake la kwanza kuhusu kitabu lilikuwa: “Hao anaowalipiza, wana mama zao?”

“Hakuandika habari za mama zao.”

“Basi hajamaliza kazi.”

Nikamuuliza ya fundi. Akasema ilikuwa utani. Nikasema utani haukuvunji mguu. Akasema aliyevunja mguu si fundi. Nikamwambia fundi aliona, alijua, na alikuwa na maneno manne tu ya kusema, huyu ni mtani wangu, na hakuyasema. Mdogo wangu akageuza uso ukutani. “Aliogopa, dada,” alisema. “Hata mimi ningeogopa.” Nilimwona mjinga. Mguu wake ulikuwa umeunga vibaya, mfupi kwa vidole vitatu, na bado anamtetea mtu.

Kurasa za mwisho za riwaya ile sikumsomea. Nilizisoma peke yangu shuleni, na humo yule mlipizaji anaanza kujishika kichwa na kujiuliza alichofanya. Sikutaka habari hizo. Nilimwambia mdogo wangu kwamba zimechanika.

Fundi nilimpata Misugusugu, mbele kidogo ya Kibaha. Haikuwa kazi kubwa. Fundi wa pikipiki hawezi kujificha, watu humwelekeza kwa fahari. Alikuwa amefungua kibanda kipya pembeni mwa barabara, hana hata mwezi. Nilimwangalia mara tatu kutoka kwenye banda la juisi, nimejifunga mtandio. Nikagundua tabia yake. Akimaliza kutengeneza pikipiki ya mteja huijaribu: huiendesha kwa kasi mpaka kwenye kona moja ya mbali yenye kijiwe cha bodaboda, anageuza, anarudi. Kibandani wanamjua. Kule konani hajulikani kabisa, ni mtu tu anayepita mbio kila mara na pikipiki tofauti.

Nilipoliona hilo nilihisi baridi ya furaha. Sikuhitaji panga wala mchawi. Nilihitaji neno moja, lile lile lake, mahali pale alipo mgeni.

Jumamosi moja mdogo wangu alikuwa na siku ya kupimwa mguu Kibaha. Tulipomaliza nikamwambia twende kwanza Misugusugu tunywe kitu baridi. Nilimkalisha kwenye benchi, karibu na ile kona, na gongo lake la kutembelea ubavuni. Nilitaka aone. Sitalificha hilo: nilimpeleka mdogo wangu kutazama mtu akipigwa, kama unavyompeleka mtoto kwenye sherehe.

Nikamwacha na juisi yake ya ukwaju nikasogea hatua kama ishirini, penye watu. Saa tisa jua kali. Tukasikia pikipiki inakuja. Nilimtambua kwa mabega. Alipopunguza mwendo ili ageuze, nikavuta pumzi.

“Mwizi! Mwizi wa pikipiki huyo! Mshikeni!”

Sauti yangu ni ya darasani, inafika mbali. Vijana wa kijiweni waliruka kwenye viti vyao kabla sijamaliza. Mmoja aliingiza ubao kwenye gurudumu la mbele, na fundi akarushwa juu ya usukani, akatua kwa uso kwenye kokoto. Alipoinua kichwa meno yalikuwa yamebaki chini.

“Mimi fundi!” alisema. “Mimi fundi jamani!”

“Fundi wa kuiba,” mmoja akamjibu, akampiga teke la sikio. Sikio likachanika. Niliona, nilikuwa karibu vya kutosha. Wakaja na mawe, wakaja na mikanda, wakaja na kipande cha nguzo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliokota tofali, akamwomba kwa adabu kijana aliyekuwa mbele yake ampishe, “samahani baba,” akalitupa, akamrekebisha mtoto mgongoni. Mkono wa fundi uliokuwa umefunika kichwa ukalegea.

Nitasema ukweli: kwa muda nilifurahi. Nilihesabu. Hilo la taya, hilo la mbavu. Halafu fundi akanyamaza, na ule ukimya wake nikautambua. Ni ule ule wa mdogo wangu baada ya nondo. Mtu hasemi tena kwa sababu mdomo haufanyi kazi, lakini macho bado yanamtafuta mtu mmoja anayemjua. Yalipita usoni kwangu. Hakunijua.

“Basi!” nikapiga kelele. “Acheni! Nimekosea! Si mwizi!”

Hakuna aliyesikia. Sauti ile ile iliyowakusanya wote kwa mara moja sasa haikumsimamisha hata mmoja. Nikamshika kijana shati, akanisukuma kwa kiwiko. “Mama kaa pembeni, utaumia.” Nikaanguka kwenye mtaro. Mwingine alikuwa anakuja akibiringisha tairi kuukuu, na aliyemfuata ameshika chupa ya maji yenye petroli, anafungua kifuniko kwa meno. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeua mtu. Nilikuwa bado mtaroni.

Mdogo wangu alinipita. Anakwenda kwa gongo moja, mguu mfupi unaburuta, haonyeshi haraka yoyote. Akaingia katikati yao kama mtu aliyealikwa, akatupa gongo, akajilaza kifudifudi juu ya fundi, mzima mzima, mikono imetandazwa.

“Maiti yangu hii!” alisema kwa sauti ya msibani. “Mimi Mzaramo, mtani wake! Haguswi mtu hapa mpaka mnipe haki yangu!”

Nondo ilikuwa imekwisha kuinuliwa, ikashuka. Ilimpata mkononi, nikasikia vidole. Hakuinuka. Aliendelea na kelele zake, zile zile za kaburini, analia uongo kwa sauti ya juu: “Mnyamwezi wangu huyu, nani kawapa ruhusa kumzika bila mimi? Nileteeni jogoo! Nileteeni sanda yangu! Kaburi lenyewe mmelichimba fupi, miguu itabaki nje!”

Aliyeshika nondo akabaki ameiinua tena, haelewi. Nyuma yake mtu mmoja akacheka. Ni kicheko kilichomponyoka, cha mzee mwenye baiskeli aliyekuwa akipita. “Acheni nyie,” alisema, “mtani kalala. Mtani akilala hamzidishi.” Na mwingine naye akacheka, mama mwenye tofali akauliza kwani kuna nini, na yule wa petroli akasimama akiwa na kifuniko mdomoni, hajui akiteme au vipi. Zile kelele zikapoteza mahali pa kushika. Katika kuduwaa kule mwenye pikipiki akafika anakimbia kutoka kibandani, anahema, anasema huyo fundi wake, pikipiki kampa mwenyewe, wamefanya nini jamani. Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Tairi waliliacha.

Mdogo wangu hakuinuka mpaka mtaa ulipobaki na watu wachache. Nilipofika karibu nilimsikia anazungumza chini chini kwenye lile sikio zima. “Mtani. Mtani, bado nina spana yako.” Fundi alikuwa analia. Damu na machozi vilimtoka pamoja, na alichosema, kwa mdomo ule, kilikuwa “nisamehe.” Alikuwa anamwomba msamaha wa Picha ya Ndege. Alidhani kilichompata siku ile ni adhabu ya Mungu, na aliyemwokoa ni yule ambaye yeye alimwacha afe.

Mimi na mwenye pikipiki tuliwapeleka wote wawili hospitali, ile ile niliyotoka na mdogo wangu asubuhi. Vidole viwili vya mdogo wangu vilifungwa bandeji. Fundi akalazwa, sisi tukarudi Kisarawe. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mguu wake mfupi.

“Sauti yako naijua tangu tunaitana kwenye mikorosho,” alisema. “Hukudhani nitaijua?”

Nikaliokota gongo lake, nikaliegemeza ukutani.

“Uliniweka kwenye benchi kabisa. Na juisi.”

Nikalia. Yeye hakunibembeleza. Aliniacha mpaka nilipomaliza, halafu akasema: “Utamwambia wewe mwenyewe. Au utaokota boksi lako na wewe, uondoke?”

Siku zilizofuata nilimsomea zile kurasa nilizosema zimechanika. Alisikiliza hadi mwisho, akasema yule bwana ana bahati, kwamba mashaka yalimjia akiwa bado ana mtu wa kumwambia. Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Kitabu nilikirudisha kwenye rundo la shule, chini kabisa.

Ilinichukua wiki saba kwenda Misugusugu. Kila Jumamosi nilikuwa na sababu. Fundi naye, baada ya kupona, alikwisha kuja kwetu mara mbili na jogoo, ananiita shemeji, ananiita mtani, anamwambia kila jirani kwamba ukoo huu ndio uliomrudishia roho. Alikula ugali kwangu kwa upande mmoja wa mdomo. Nilimwekea nyama laini. Sikusema.

Siku niliyokwenda nilikwenda na mdogo wangu. Fundi alikuwa kibandani, juu ya kigoda, watu wanne wamekaa wakisubiri pikipiki zao. Akatuona, akainuka, akapangusa mikono, akaagiza soda. Nikatoa ile spana kwenye mkoba nikamkabidhi. Akaibusu mbele ya watu. Nikaona nisipozungumza sasa sitazungumza tena.

“Siku ile pale konani,” nikasema, “aliyekuitia mwizi ni mimi. Nilikuvizia. Nilitaka ufe.”

Akanitazama. Wale wanne wakanitazama. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya vyuma.

Kisha fundi akatupa kichwa nyuma, akacheka. Alicheka kwa mdomo wote ule usio na meno ya mbele, akapiga paja kwa ile spana. “Mmewasikia Wazaramo?” aliwaambia wateja. “Mtu karibu azikwe, wao wanatafuta utani! Hata mwalimu mzima! Nyie watu hamna adabu hata kidogo, ndiyo maana nawapenda.” Na wale wanne wakacheka naye, mmoja akasema mtani huyu ni hatari, afungiwe ndani.

“Si utani,” nilisema. Wakacheka zaidi.

Nikamgeukia mdogo wangu. Yeye peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa anasubiri, amekaa na gongo lake magotini, vidole viwili vimepinda, ananitazama kuona kama nitasema mara ya tatu.

Soda ikaletwa, nikaipokea, nikanywa.